Mwaka wa Chupa ya Wageni

Siku ya arobaini ya Bi Zuhura nilifika Kigamboni asubuhi, mapema kuliko hata ndugu zake, kwa sababu nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii nitasema. Nilijifunga ushungi kama marehemu mwenyewe alivyonifundisha, mimi mtoto wa Kikristo kutoka bara, nikakaa uani na wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa pilau. Mwanahawa, binti yake wa pekee, alinipokea kwa furaha iliyonichoma. Aliwaambia wenzake, "Huyu ndiye dada Tumpe, yule wa maabara. Mama alikuwa hamalizi wiki bila kumtaja." Mama mmoja mtu mzima akasogea kunipisha kwenye mkeka, akanipa ungo. Nimevuka miaka arobaini, kazi yangu ni kuendesha semina za ubora wa vipimo, wauguzi huyaandika maneno yangu kwenye daftari kana kwamba ni maneno ya maana, na asubuhi ile nilikuwa natoa chuya kwenye mchele. Neno langu kubwa kwenye semina ni lile la wote wa fani hii: kama hukuandika, hukufanya. Nalisema kila mara, na kila mara namkumbuka Bi Zuhura, na mwaka ambao niliandika kila kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikotoka na nani alinisomesha hakuhusiki hapa. Inatosha kusema nilikuwa na cheti cha msaidizi wa maabara, nimepanga chumba Tandika, na kazi niliyoipata ilikuwa katika zahanati moja ndogo ya Temeke, nyuma ya soko. Chumba nilichopewa ndicho kilichoitwa maabara. Kilikuwa na meza ya saruji, sinki lililoziba nusu, birika la umeme, na dirisha moja lililotazama mlango wa choo cha wagonjwa. Bati lilikuwa juu ya kichwa bila dari, na ukutani kilining'inia kipimajoto na karatasi yake ya kujaza joto la chumba asubuhi na jioni. Nilipoingia siku ya kwanza kipimajoto kilisema thelathini na tatu. Karatasi ilisema ishirini na tano. Nikarudi nyuma kurasa za miezi, zote zilisema ishirini na tano, kwa mwandiko uleule na kalamu ileile, hata za Februari. Nilicheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyetoka chuoni juzi na bado anaamini kwamba wanaokosea ni wengine.

Kati ya maabara na ofisi ya Bi Zuhura palikuwa na ukuta wa mbao nyepesi, na kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Yeye ndiye aliyekuwa mfawidhi, bosi wetu, muuguzi wa siku nyingi, mwanamke wa Pwani mnene, msafi wa kupindukia, aliyenukia udi hata baada ya kuzalisha. Ofisini kwake alikuwa na kabati la vioo alilolileta mwenyewe kutoka nyumbani. Ndani yake mlikuwa na vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu, vya wageni, ambavyo sisi wafanyakazi hatukuwahi kuvitia mdomoni. Sisi tulikunywa kwa vikombe vya plastiki. Pembeni ya vikombe hivyo, kwenye kisahani, ilikaa chupa ndogo ya kontroli, haijafunguliwa, na Bi Zuhura aliipangusa vumbi kila Jumatatu pamoja na vikombe.

Nieleze kontroli ni nini, maana bila hiyo mtu hataelewa ubaya wangu. Mashine ya kupimia sukari, ile ndogo ya kuchoma kidole, nayo inatakiwa ipimwe kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Unachukua tone la maji ya kontroli, ambayo sukari yake inajulikana na imeandikwa kwenye lebo, unaliweka kwenye stripu, kile kijikaratasi kinachochomekwa kwenye mashine, kama vile ni damu. Mashine ikitoa namba iliyo ndani ya kiwango cha lebo, unaandika kwenye rejista na kuanza kazi. Ikitoa namba ya nje, unarudia. Ikikataa tena unaandika ulichokiona, unaweka mashine kando na kutoa taarifa. Hakuna kingine. Mtoto wa darasa la nne anaweza.

"Bi Zuhura, shikamoo. Naomba ile chupa ya kontroli niifungue," nilimwambia wiki ya kwanza.

"Marahaba. Uifungue, kaja nani?"

"Kwa ajili ya kupima mashine, mama. Rejista inataka kila siku."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa vikombe vya dhahabu vikanywewe uji. "Mwanangu, chupa tumepewa moja. Ukishaifungua, miezi mitatu imekufa hiyo. Sasa wakaguzi wakija tuwape nini, tuwaoneshe kopo tupu?"

"Na rejista?"

"Jaza. Namba zipo hapo kwenye lebo, kati ya tano nukta sita na saba nukta mbili. Ila usiandike sita, sita, sita kama bahau. Changanyachanganya."

Nikajaza. Wenzetu kazini jambo hilo huliita kupika data, na mimi nilitokea kuwa mpishi hodari. Aliyenitangulia aliandika namba moja mwezi mzima. Mimi nilizifanya zitembee. Leo sita nukta moja, kesho sita nukta nne, Jumatatu nashusha kidogo, baada ya wiki mbili naweka saba kasoro ili ionekane kuna uhai. Nilibadilisha kalamu. Mara mojamoja nilifuta na kusahihisha kwa mstari mmoja na sahihi pembeni, kama mtu mkweli aliyekosea. Nasema haya kwa aibu, lakini wakati ule nilikuwa naona raha. Mwandiko wangu ni mzuri, na hakuna mtu aliyewahi kuusifia kabla ya Bi Zuhura.

Tulikuwa tunakula pamoja saa saba mchana, kwenye mkeka nyuma ya zahanati, upande wa kivuli. Bi Zuhura alileta hotpoti lake kila siku, na ndani yake hamkukosa kitu: mihogo ya nazi, wali na samaki wa kupaka, maharage ya nazi aliyojua kuyaunga vibaya sana, kwa maana nzuri. Mwenyewe alikula kwa kujinyima. Alikuwa na sukari tangu ujauzito wa Mwanahawa, akimeza vidonge, akinywa chai chungu huku akituangalia sisi tukitia vijiko vitatu. "Nyie kunyweni," alisema, "mie yangu nilishakunywa yote ujanani." Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki ya sukari, na kabla ya kumwita mgonjwa wa kwanza aliingia maabara, akafunga mlango, akaninyoshea kidole. Hakumruhusu mwingine amchome. Miezi ile ya mwanzo alikuwa akisoma kumi, kumi na moja, anashusha pumzi, anasema Alhamisi ijayo nitaona nidhamu.

Wakaguzi walikuja katikati ya mwaka, wawili, na gari lao. Bi Zuhura aliniamuru nichemshe maji ya chai ya tangawizi, akatoa vikombe sita, akatoa na chupa. Tuliifungua mbele yao. Namba ikatoka sita nukta tatu, na mimi ndani ya moyo nikashangaa kwamba mashine yenyewe ilikuwa inaniunga mkono. Walifungua rejista yangu kwenye meza ya saruji, wakapitia ukurasa kwa ukurasa, mmoja akamwita mwenzake aje aone. Kisha wakahamia ofisini, nami nikabaki upande wangu wa ukuta, naosha kikombe kimoja kwa robo saa ili nisikie vizuri.

"Huyu binti umempata wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Nimeletewa na Mungu," Bi Zuhura alijibu. "Mwaka huu kama kuna nafasi ya masomo, jina nitakalolitoa ni lake."

"Nafasi ipo moja, ya stashahada. Itakwenda kwa zahanati ambayo rejista zake hazina doa mpaka tutakaporudi mwishoni mwa mwaka. Tunawaachia na kontroli za kutosha, msizifungie kabatini tena." Kumbe walijua. Wote walicheka, hata mimi nilicheka na sinki langu.

Walipoondoka Bi Zuhura alikuja na boksi la chupa mikononi, akaliweka mezani kwangu mwenyewe. Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Uso wake ulikuwa na haya kidogo. "Tumpe, yale ya zamani tumeyaficha, Mungu katusitiri. Sasa maji yapo. Kuanzia kesho pima kweli, kila asubuhi, uandike unachokiona. Mie mwenyewe mashine hii ndiyo inayoniangalia." Nikamwambia ndiyo mama. Na nilifanya. Kwa miezi kadhaa nilipima kweli, nikaandika nilichokiona, na nilijisikia mtu safi. Rejista haikubadilika sura hata kidogo, kwa sababu uongo wangu ulikuwa umefanana na ukweli kuliko nilivyodhani.

Joto lilipoanza kurudi tulipokea shehena mpya ya stripu, boksi kubwa, nasi tukaliweka stoo, chini ya bati, palipokuwa na karatasi nyingine ya joto iliyosema ishirini na tano. Likakaa humo wiki tatu tukimalizia za zamani. Asubuhi niliyofungua kopo la kwanza la boksi hilo, kontroli ilitoka tatu nukta nane. Nikadhani nimekosea tone. Nikarudia, tatu nukta tisa. Nikafungua kopo la pili, nikapata tatu nukta nane tena. Nilikuwa peke yangu, birika linachemka, na nje wagonjwa wa sukari walishaanza kukaa kwenye benchi kwa kuwa ilikuwa Alhamisi. Nilijua kila kitu palepale. Nilijua kwamba stripu zimeungua kwa joto la stoo, kwamba mtu mwenye kumi na moja atasoma saba na kurudi nyumbani akishangilia. Nilijua pia kwamba nikiandika tatu nukta nane, kliniki inasimama, taarifa inakwenda juu, wataulizia stoo, watafungua karatasi za joto, na kutoka kwenye karatasi za joto mtu mwenye akili atarudi kwenye rejista yangu ya miezi ya mwanzo. Zilibaki wiki sita wakaguzi warudi. Nilishika kalamu nikaandika sita nukta tatu. Nilichagua sita nukta tatu kwa sababu ndiyo namba iliyotoka siku ya wageni.

Mlango ukagongwa, Bi Zuhura akaingia, akaninyoshea kidole. Nikamchoma. Mashine ikasema sita nukta nane.

"Rudia," alisema taratibu. Nikarudia. Sita nukta saba. Akakaa kwenye kiti changu. "Miaka kumi na sita sijaiona namba hii, Tumpe. Kontroli umepima leo?"

"Nimepima, mama."

"Ngapi?"

"Sita nukta tatu."

Mchana ule, kwenye mkeka, alitia sukari kwenye chai. Kijiko kimoja, akakoroga kwa muda mrefu, akainywa huku amefumba macho. Wote tulimpigia makofi. Alhamisi iliyofuata alileta kaimati, zimeoga shira, akala nne. Alipunguza kidonge cha jioni, kisha akakiacha. Mimi nilikula naye. Nilikuwa nachovya kaimati ya mwanamke yule nikisema tamu, Bi Zuhura, umeipatia.

Sikuipima tena mashine. Sikutaka kuiona ile namba. Ila kwa kuwa Bi Zuhura alikuwa mtu wa kuangalia vitu, na chupa isiyopungua ingemshtua, kila asubuhi nilifungua kontroli nikadondosha matone mawili kwenye sinki, nikafunga, nikaandika. Katika maisha yangu yote sijafanya jambo la kishenzi kuliko yale matone. Uongo wa kwanza niliagizwa, na anayetaka kunitetea anaweza kuanzia hapo. Matone hakuna aliyeniagiza.

Alianza kunywa maji kupita kiasi. Kupitia dirisha langu nilimwona akienda choo cha wagonjwa, kwa kuwa cha wafanyakazi kilikuwa mbali, mara tano, mara sita kabla ya saa nne. Akalaumu joto. Kiatu kikamchubua kisigino na kidonda kikakataa kufunga. Akakipaka dawa, akahamia kwenye kandambili, akalaumu kiatu. Siku moja nilijikaza nikamwambia, "Mama, si ungekwenda hata hospitali kubwa wakakupima na kule?" Akacheka. "Nikafuate foleni ya nini, na mashine ninayo, na wewe unaipima kila siku?" Wagonjwa wengine wa Alhamisi nao walikuwa wakipewa namba zao nzuri na kurudishwa nyumbani. Majina yao siyakumbuki, na hilo nalo ni la kujibu.

Kabla ya wakaguzi kurudi kulikuwa na asubuhi moja ambayo kweli nilidhamiria. Niliibeba rejista mkononi nikabisha mlango wa ofisi. Bi Zuhura alikuwa na simu sikioni, akaniashiria nisubiri, akawa anasema, "Ndiyo, ndiyo, yupo hapa mbele yangu." Alipokata simu macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Ilikuwa habari kwamba mkaguzi ameshapeleka jina langu, kurudi kwao ni kukamilisha tu. Akanikumbatia, rejista ikiwa katikati yetu. Kisha akafungua kabati, akatoa kikombe kimoja cha dhahabu, akanimiminia chai kwa mkono wake. Nilikinywa chote, nikarudi maabara na rejista yangu.

Nilikwenda kusoma. Nilisoma vizuri, nikaajiriwa vizuri, nikapanda. Kila daraja nililopanda limekanyaga ule ukurasa. Habari za Bi Zuhura nilizipata kwa vipande, kwamba alilazwa, kwamba amekatwa mguu chini ya goti, kwamba amestaafu na kuhamia Kigamboni kwa binti yake. Nilikwenda kumwona mara mbili katika miaka yote hiyo, na zote nilibeba matunda, kama mtu yeyote.

Basi siku ile ya arobaini, dua ilipokwisha na pilau likaliwa, Mwanahawa alinivuta chumbani kwa mama yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, gongo la kutembelea limeegemezwa ukutani. Alikaa pembeni yangu. Nilikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa nimeshasema, "Mwana, kuna jambo la ule mwaka," na yeye akadhani anajua ninachotaka kusema.

"Najua, da Tumpe. Mama alinihadithia yote. Alikuwa anasema mwaka ule ndio mwaka pekee ambao sukari yake ilikaa sawa. Ulipoondoka tu, wakaletewa stripu nyingine, na huyo aliyekuja badala yako, akipima inasema kumi na saba, kumi na nane. Mama akawa hataki kuamini, anasema huyu hapimi mashine kama Tumpe. Akaendelea hivyohivyo na kidonda chake, karibu mwaka mzima, anasubiri apatikane mtu wa kuipima vizuri." Akanishika mkono. "Mpaka anakatwa mguu alikuwa anasema, Tumpe angekuwepo, nisingefika hapa."

Kisha akainama chini ya kitanda akatoa boksi lililofungwa kwa kanga. Vikombe, vyote sita. Mama yake alisema nipewe mimi. Nilisema ahsante. Hilo ndilo neno lililotoka katika mdomo uliokuwa umefunguka kwa neno lingine, nikalibeba boksi mpaka kwenye pantoni na kuvuka nalo limekaa mapajani.

Lipo juu ya kabati langu, sijalifungua. Mwanahawa hupiga simu kila Ijumaa kunijulia hali. Naye ana sukari sasa, na amenunua mashine, anataka nipite siku moja niiangalie, kwa sababu hamwamini mwingine. Nitakwenda, na hizi karatasi ninazoziandika nitazibeba nimpe azisome mbele yangu. Kwenye semina nawaambia wenzangu kwamba rejista iliyokosewa hurekebishwa kwa mstari mmoja juu ya kosa, namba ya kweli pembeni, na sahihi ya aliyekosea. Basi nairekebisha. Ile sita nukta tatu ya Alhamisi naikata kwa mstari mmoja. Kontroli: tatu nukta nane. Marudio: tatu nukta tisa. Kopo la pili: tatu nukta nane. Mashine isitumike. Aliyepima, Tumpe.